Toronto ni Maji Mawili

Jumatatu, 14 Julai
Shule, kisha bodaboda, Chiungutwa hadi hospitali ya Mkomaindo. Siku ya saba leo tangu mama alazwe. Nguo zangu zinanuka salfa, kila mwenye mikorosho anapuliza dawa. Mguu wa mama umezidi, vidole viwili vyeusi. Sukari hiyo. Daktari anataka uondolewe chini ya goti, tena upesi. Mama amekataa kutia dole gumba kwenye karatasi ya ridhaa mpaka kaka Hamisi afike kutoka Toronto. Kaka anasema kesho anapanda ndege.

Nimechoka.

Jumanne, 15 Julai
Mama kauliza Toronto ni mbali kiasi gani. Nikatafuta kwenye simu. Mpaka Dar es Salaam kilomita elfu kumi na mbili na ushee, saa kumi na sita angani. Kilomita hazimwambii kitu. Usichanani kwake, Newala, mwendo ulipimwa kwa maji: kuteremka bondeni na kupanda tena na mtungi kichwani, safari moja saa nane nzima. Nikamwambia basi ni maji mawili. Akacheka, mara ya kwanza tangu alazwe. "Kumbe yupo jirani."

Jioni ujumbe wa kaka: ameshaingia ndani ya ndege.

Jumatano, 16 Julai
Maji mawili yamepita. Uji haujaguswa. Mama anaangalia mlango tu. Kaka kimya. Kila muuguzi akipita: Mama Hamisi, mwanao kafika? Mama Hamisi, Mama Hamisi. Mimi ni mtoto wake pia. Hakuna aliyewahi kumwita kwa jina langu.

Alhamisi, 17 Julai
Kosa ni langu. Hesabu ya simu ni ya ndege inayokuja moja kwa moja, na ndege hiyo haipo. Kaka yuko Istanbul. Ya kuunganisha imemwacha, nyingine ni kesho usiku. Halafu Dar. Halafu ndege ya Mtwara, halafu barabara. Na weusi umeshapita kifundo. Daktari kasema hapa hakuna tena kusubiri.

Mama akauliza yamebaki maji mangapi. Nikamjibu kwa hasira: sita, na wewe hutayamaliza. Mama yangu mzazi. Nilijuta kabla sijafunga mdomo.

Akautazama mguu wake. Kisha: "Aliyekwenda bondeni akichelewa, tunapika na yaliyomo mtungini. Lete hiyo karatasi, mwanangu."

Katia dole. Nikamfuta wino kidoleni.

Ijumaa, 18 Julai
Wamemtoa chumba cha upasuaji salama. Amelala. Sijui nimekula nini leo, kama nimekula.

Jumamosi, 19 Julai
Kaka ametua Dar. Kesho Mtwara. Sina hasira naye tena, wala sina nguvu ya kuwa nayo.

Mama kaamka, kaomba chai. Nilijua atauliza kaka yuko wapi. Nikaanza kumweleza, akanikatiza.

"Na wewe? Kutoka Chiungutwa mpaka hapa ni maji mangapi?"

Sikuwahi kuhesabu. Saa moja kuja, saa moja kurudi, siku kumi na mbili. Nikahesabu kwa vidole mbele yake. Maji matatu.

"Toronto mawili," akasema.

Nikaitikia.

Akasogeza mkono, akaniachia nafasi ukingoni mwa kitanda. Nikalaza kichwa hapo. Chai yangu ilipoa.