Utepe Uliopasuka

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za dada yako. U hali gani, na shemeji na watoto hawajambo? Mimi nipo, nasukuma siku. Najua utauliza barua ya nini wakati simu ipo. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati, nakujua.

Kazini bado tunatengeneza zile nyaya bapa nilizokueleza, nyembamba kama utepe wa gauni. Zikitiwa kwenye baridi kali kupita barafu, hupitisha umeme bila kupoteza hata chembe, na vyombo vya kupimia vilivyomo ndani ya mtungi wa baridi hiyo vinazitegemea. Kazi yangu ni kuzikunja, kisha kupapasa kwa ncha ya kidole kama utando wa madini umepata ufa. Fundi mkuu alikuwa akinitania kwamba vidole vyangu vina macho.

Mwaka huu nyaya nilizopitisha kuwa ni nzima zikaanza kufa kwenye baridi. Tukalaumu mashine, tukalaumu plastiki inayobeba utando huo. Mwishowe fundi mkuu akaniwekea mezani utepe alioupasua makusudi, akaniambia nipapase. Nikapapasa, nikasema ni mzima. Hakunigombeza. Alinionea huruma, na hiyo iliniuma kuliko matusi.

Nikaenda hospitali. Daktari alinifumbisha macho, akanichoma kwa ncha ya sindano kidole kimoja kimoja. Kwenye vingine sikuhisi kitu. Anasema mishipa ya fahamu inakufa, na ugonjwa wenyewe ni wa kurithi. Akauliza kuhusu wazazi. Nikamsimulia mama alivyokuwa akiepua sufuria bila kitambaa, sisi tukijivunia mikono yake ya chuma, na vile vidonda vya miguu vilivyommaliza. Akasema ndio huo huo. Dawa ya kuuponya hakuna, ila anayejua mapema hujilinda asiungue na asioze kama mama.

Mimi wamenihamishia stoo, nitaishi. Ninayemwogopea ni wewe. Juzi juzi ulinisimulia kwamba ulijishona kidole kwa cherehani, usijue mpaka ulipoona damu kwenye kitambaa cha mteja, nami nikacheka nawe. Kicheko kile ndicho kilichonishikisha kalamu.

Tafadhali nenda hospitali, na watoto uende nao.

Msalimie sana shemeji, na majirani wanaoniulizia.

Ni mimi akupendaye,
Dada yako