Pumzi Ishirini na Nane

Nyumba Na. 6,
Makazi ya Wauguzi.
Jumapili, 14 Machi

Mpendwa dada,

Shikamoo. Habari za huko, na mgongo wa shemeji umepata nafuu? Sisi wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, mchana analisahau. Watoto wanakula kana kwamba kesho chakula kitapigwa marufuku.

Nina jambo silioni kichwa wala miguu. Nakuandikia wewe kwa kuwa ulivaa sare hii miaka ishirini.

Jumatano tulipelekwa ukumbini kwa mafunzo ya kupunguza msongo wa mawazo, wauguzi kumi na wawili pamoja na daktari wetu wa wodi. Mkufunzi, kijana mpole, alituambia tufumbe macho, tuhesabu pumzi moja hadi kumi, kisha tuanze upya. Mimi kwa mazoea nikashika saa yangu ya kifuani, nikahesabu dakika nzima. Ishirini na nane. Mwenzangu wa wodi, yule tunayemwita Bandeji kwa kung'ang'ania kwake, naye alihesabu vivyo hivyo. Akapata thelathini.

"Dada zangu, hapa hatupimi wagonjwa," mkufunzi akacheka.

"Basi hizi ni pumzi za nani?" Bandeji akamuuliza.

Kanuni unaijua: mgonjwa akivuka pumzi ishirini na nne kwa dakika, mwite daktari. Daktari alikuwa kiti cha nyuma yetu, amefumba macho kama alivyoagizwa, anakoroma.

Mwishoni tulipewa fomu ya kurudisha Alhamisi hii inayokuja. Swali la mwisho: unaweza kuendelea na zamu, ndiyo au hapana? Nikijibu hapana, napumzishwa mwezi mzima, na Bandeji anabaki peke yake na vitanda thelathini. Nikijibu ndiyo, Jumatatu iliyopita niiweke wapi? Siku hiyo nilipeleka dawa ya kitanda cha sita kwenye kitanda cha tisa. Bandeji alinidaka mkono. "We mama, huyo siye," akasema, na hajalitaja tena hadi leo.

Sijui kama ni uchovu, au ni uzee unapiga hodi. Mkufunzi anasema nipumue. Mbona napumua, tena kupita kiasi?

Mama anakusalimu, anauliza kama bado unasahau kula. Wasalimie shemeji na wanao, hasa kitinda mimba. Mungu awafunike nyote. Barua hii anakuletea jirani yetu, atafika Jumanne. Nipigie simu kabla ya Alhamisi.

Mganga hajigangi, nawe ndiwe uliyenifundisha kukabidhi zamu bila maneno mengi. Basi nakukabidhi mgonjwa mmoja: mwanamke, miaka thelathini na minane, joto la kawaida, pumzi ishirini na sita akiwa amekaa mezani anaandika. Anasema haumwi. Fomu yake haijajazwa.

Mdogo wako akupendaye daima