Kibuyu cha Mbegu za Mama

Changamwe,
Mombasa.
20 Septemba 1961

Mpendwa kaka Kombe,

Shikamoo. U hali gani huko Tanga, na kifua chako chaendeleaje? Wifi Florence na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima wa mwili, Mungu ashukuriwe. Moyo wangu ndio si mzima. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana.

Mara mbili umeniuliza habari za mbegu za mtama za marehemu mama, na mara mbili nimekujibu kuwa zimo kibuyuni, juu ya meko, kama alivyoziacha. Kaka, nilikudanganya. Kibuyu ni kitupu tangu Machi.

Sikuibiwa, wala hazikuliwa na wadudu. Niliwamwagia kuku kwa mkono wangu huu. Wanawake wa mtaani walikuwa wakinicheka, eti Nyevu hata leo ala ugali wa mtama kama watu wa zamani. Nikaona haya. Nikataka mahindi meupe shamba zima, ya kula na ya kuuza sokoni. Kumbe haya yenyewe nilikuwa sijaiona!

Wakumbuka mama hakuwa akipanda mbegu zote mvua ya kwanza. Sehemu mvua ya kwanza, sehemu ya pili, nyingine akiweka. Mimi za mahindi nilizifukia zote siku moja. Mahindi yakaota, yakapendeza, nami nikatamba. Kisha mvua ikakatika, siku ishirini na sita bila tone. Yakakauka hayajafika hata magotini. Mkulima mzima, leo nanunua unga dukani, tena bei haishikiki kwa kuwa wengi hawana mavuno.

Aliyevuna ni jirani yetu Kache. Mtama wake, niliokuwa nikiuita chakula cha ndege, ulisinyaa ukangoja. Mvua iliporudi Mei ukainuka. Juzi kaniletea ungo mzima nipike. Nikamuuliza mbegu alizipata wapi.

"Kwa mamako, mwaka ule wa njaa. Kwani wewe hakukuachia?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamweleza yote, na machozi juu. Akaenda kwake, akarudi na kibuyu kimejaa. Nikanyoosha mikono.

"Hizi ni za Kombe," akasema. "Wewe nakupa umshikie tu."

Nimezichanganya na majivu, nimezitundika pale pale pa mama. Kuku nimewauza wote, usiwe na wasiwasi. Shamba nimeshalima, lakini sitatia punje ardhini mpaka uniandikie. Ukikataa, sitanung'unika, utakuja Machi upande mwenyewe, na vuli hii itapita nikiitazama.

Kache akusalimu sana. Nibusie watoto, na wifi umwambie namkumbuka. Mungu akipe nguvu kifua chako, na akulainishie moyo juu yangu.

Mimi mdogo wako, mkosa, nikupendaye,

Nyevu

Kaka, jibu upesi. Mawingu yameanza kukusanyika upande wa Mariakani.