Mchana wa Unguja na Picha ya Kariuki

Lindi,
Jumapili jioni

Mke wangu mpendwa Wanjiru,

Nakusalimu wewe na mama kwa furaha ambayo sijawahi kuitia katika barua yoyote. Mnaendeleaje huko Gatitu? Kikohozi cha mama kimepungua, au baridi ya asubuhi bado inamwonea kule kwenye kazi ya lazima ya kuchimba handaki la kijiji? Mimi ni mzima. Kituo chetu cha kupima mvua ni kijumba cheupe juu ya kilima, na joto la huku linanifanya nibadilishe shati mara mbili kwa siku, lakini leo sina la kulalamika. Nina habari kubwa. Mwite mama akae karibu nawe kabla hujaendelea.

Nimeandika kwa herufi kubwa zilizo wazi, ili hata yule anayefungua barua zetu kabla yako asipate taabu. Nataka aisome yote.

Nitakueleza kwa mpangilio, kama nilivyoandika katika shajara yangu siku ile ile ya safari. Ndege yetu ya kuja huku Lindi ilitua Unguja saa nne asubuhi. Rubani akatutangazia kwamba injini moja inavuja mafuta, tungoje mpaka alasiri. Abiria wenzangu walinuna, wakaagiza chai, wakajifunika nyuso kwa magazeti. Mimi niliruka kitini. Unguja! Si ndiko kaka yako Kariuki alikokwenda kufanya upishi, kabla sijakuoa, kabla ya Hali hii ya Hatari? Na si ndicho kisiwa ambacho hedimani, yule mkuu wa kijiji chenu, hataki kukisikia? "Mwanao yuko msituni na waasi, mama, usiniletee mambo ya visiwa." Kwa neno hilo anamnyima mama ruhusa ya kwenda kuuza viazi vyake Karatina, na kila siku anampa jembe.

Nikaenda kwa askari wa lango, nikasimama wima, nikamnyooshea kwa mikono miwili pasi yangu, ile tunayoonyesha kila lango huko nyumbani.

"Ya nini hii, bwana?" akauliza.

"Naomba ruhusa ya kutoka nje, afande."

"Nje si hapo? Toka."

"Bila kuandikwa?"

"Uandikwe nini? Unaumwa?"

"Na saa ya mwisho ya kuwa ndani ni saa ngapi?"

Akacheka mpaka akavua kofia yake nyekundu. "Ndege ikitaka kuruka, uwe ndani. Ukitaka kulala nje, lala. Huko kwenu kuna nini?" Nilipita lango lile nikigeuka nyuma kila hatua, nikidhani ataniita.

Wanjiru, nilikodi baiskeli kwa mzee mmoja nje ya uwanja, nikaikanyaga kama mwanafunzi aliyechelewa shule. Karafuu zilianikwa juu ya mikeka kando ya barabara, harufu yake ikaniingia puani mpaka nikapiga chafya. Hakuna aliyenisimamisha, hakuna aliyeuliza natoka wapi. Nilijikuta naimba peke yangu.

Sokoni nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza mboga kama anamjua mtu wa Nyeri, mpishi, jina lake Kariuki.

"Watu wa bara wengi hapa, mwanangu. Wako ana alama gani?"

"Ni Mkikuyu."

"Mpishi, Mkikuyu." Akamgeukia mwenzake. "Mwanaidi! Yule anayeponda mahindi na mbatata na majani ya maboga mpaka chakula kinakuwa kijani, si ndiye huyo?"

"Ndiye! Alinionjesha siku moja. Nikamwambia, hii mpe mgonjwa asiye na meno."

Wakaangua kicheko. Mimi nilitaka kuwakumbatia wote wawili. Irio! Nani mwingine angeponda irio katikati ya watu wa wali na samaki?

Walinielekeza nyumba ya tajiri mmoja nyuma ya soko. Jikoni nikamkuta mtu mnene, mikono imejaa unga, paji la uso ni lako kabisa. Nikamwambia mimi ni shemeji yake, kutoka Meru, nimemwoa Wanjiru. Akachukua mwiko.

"Ati shemeji? Mimi sina shemeji. Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Ndege imeharibika."

"Basi sema, mama yangu anakunywa chai na nini?"

"Na chumvi. Anasema sukari ni ya wagonjwa."

Mwiko ulianguka. Akasema polepole, "Anakunywa? Unataka kusema bado anakunywa?"

Alikuwa ameandika, Wanjiru. Barua zake zote alizituma kwa lile duka la zamani kule kwenye mtelemko wenu, zikarudi. Kisha akasikia kwamba nyumba za mtelemko ule zimechomwa, akajua mmekwisha. Nikamweleza kwamba watu wote walihamishiwa kijiji kimoja, na duka likabomolewa. "Na mama yuko namna gani?" "Anakohoa na kuamrisha watu." Akakaa sakafuni pale pale akalia, kisha akacheka, kisha akaniuliza kama nimekula.

Lakini neno langu peke yake lingemfaa nini mama mbele ya hedimani? Nikakumbuka kwamba uwanjani kulikuwa na mpiga picha, anayewapiga picha abiria karibu na ndege. Nikampakia Kariuki nyuma ya baiskeli. Alikuwa mzito, na injini zilikuwa zimeanza kunguruma tulipofika. Askari wangu wa lango akapaza sauti, "Bwana Ruhusa, kimbia!" Nilipomweleza kwa pumzi fupi, alimwomba rubani asubiri kidogo, akatusindikiza mwenyewe mpaka kwenye ndege, tukapigwa picha, nikapanda.

Mpiga picha ameniletea picha kwa posta, na imo humu. Hedimani anaijua sura ya Kariuki tangu utotoni. Ananijua na mimi, kwa kuwa alikula harusi yetu, na wakati huo Kariuki alikwisha ondoka zamani. Sasa tumesimama pamoja, bega kwa bega, na nyuma yetu ni ndege na minazi. Hawezi kusema ni picha ya zamani. Tazama pia mkono wangu wa kulia. Nimeshika pasi, nimeinyoosha mbele. Hakuna aliyeniomba, na sikujua kama nimeitoa mpaka nilipoiona picha.

Nisalimie shangazi yako anayeuza maharagwe, mjomba wako fundi wa viatu, na yule mwalimu jirani aliyeniazima koti la safari. Mwambie koti lake limefika baharini.

Picha hii mpe mama kwanza. Aishike mpaka atosheke, hata kama ni siku mbili. Ndipo mumpelekee hedimani, mumwulize kwa heshima ni msitu gani huo wenye ndege na minazi.

Ni mimi mume wako anayekukumbuka,
Mutethia