Siméon Alikimbia na Mikro

Belyse, kaka yangu Siméon leo kanisani, yebaba we!

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma Biblia mbele ya watu, na mikro ya kukuza sauti. Anafika tu pale Mungu anasema hata milima ikihama... ardhi ikatetemeka! Ya kweli!

Akapiga kelele "Mama weee!" ndani ya mikro. Ndani ya mikro, Belyse! Akatoka mbio wa kwanza, mikro mukononi, sisi wote nyuma yake.

Donc tuko inje, pale mulangoni, tunasikia sauti ndani. Ni bibi Vestine, ule muzee wetu wa kanisa, hakuinuka hata kwenye benchi.

"Siméon, rudi umalize! Unatuacha kwa milima tu?"

Bon, akarudi na mikro yake, akasoma: agano yangu na nyinyi haitahama.

Bibi akasema "Amina". Na sisi tukaitika, bado tuko mulangoni.