Jiwe la Nane Katika Kopo la Papa Ruffin

POLISI YA TAIFA, KITUO CHA LIKASI
Maneno ya shahidi katika jambo la mtu anayesemwa amepotea kwenye maporomoko ya Kalusonga

Majina: Viviane Mujinga Kasweka
Umri: miaka 22
Kazi: kuuza mikate ya kukaanga asubuhi, kando ya barabara
Makao: commune ya Kikula, Likasi
Masomo: mwaka wa sita wa shule ya msingi
Ndoa: ameolewa na Bertin, mchimbaji, mtoto mmoja
Amefika mwenyewe, bila kuitwa, Jumatatu tarehe 12 Mei 2025, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, akiwa na mtoto mgongoni. Amesema kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili nimeandika.

Nimekuja juu ya Papa Evariste Kalumba, yule anayepeleka watu kutembea. Amefungwa hapa tangu Jumamosi, kwa sababu inasemwa mama muzee mmoja, jina lake Gertrude, aliingia naye Kalusonga na hakutoka. Nimesikia kwamba gari itampeleka gereza la Buluo leo saa nane mchana. Huyo Gertrude ninamjua. Yeye ni muzima. Nilitaka kueleza yote mara moja, lakini OPJ, afisa wa polisi anayeandika maneno haya, ameniambia nianze mwanzo na nisiruke, kwa hiyo naanza mwanzo.

Papa Evariste ananunua mikate kwangu kila asubuhi. Siku moja mwezi wa nne alinionyesha kwenye simu picha ya maji yanayoanguka kati ya kuta mbili za mawe, marefu kama nyumba ya ghorofa. Nikamuuliza: maji hayo yanatoka wapi hata yasiishe? Akacheka. Kesho yake nikamuuliza tena. Kwetu Kikula bomba linatoa maji siku mbili kwa juma, na mimi naamka kupanga bidon za maji kwenye mustari, kwa hiyo swali langu halikuwa la mchezo.

Ijumaa tarehe 9 Mei, saa moja asubuhi, alikuja na kusema: "Mama Kambo, muntu moja ameacha kiti yake. Hautalipa kitu. Kuya kesho uone weye mwenyewe fasi mayi inatokea."

Mama Kambo ni mimi. Mtoto wangu ana miezi tisa, na bwana yangu alimpa jina la mama yake mzazi. Mimi siwezi kuita jina la mama mukwe hivihivi, kama naita kuku. Kwa hiyo mtoto namwita Kambo, ndiyo kusema bibi, na majirani wote wanamwita hivyo. Pa barabara hakuna anayenijua kwa Viviane. Jina hilo liko kanisani na kwenye karatasi tu.

Mnamo Jumamosi tarehe 10 Mei, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tuliondoka kwa gari dogo. Abiria tulikuwa saba, bila dereva na Papa Evariste. Sikumjua hata mmoja. Walionisemesha ni wawili: Papa Octave, fundi wa magari, na Mama Hortense, mwalimu. Nilikuwa na mtoto mgongoni, na juu yake nilivaa koti kubwa la mvua la bwana yangu, kwa sababu ya baridi. Nilionekana mwenye kibiongo. Papa Octave alisema: "Mama, unabeba nyumba nzima?" Nikamwambia, nabeba bibi. Wakacheka, na Kambo akatoa kichwa kwenye kola.

Tulipopita Buluo, Papa Octave alinyoosha kidole kwenye ukuta wa gereza akasema: "Mwenye atakula mikate ya Mama Kambo bila kusema aksanti, tunamuacha hapa." Papa Evariste alicheka kuliko wote. Jambo hili nimelikumbuka leo asubuhi, na halikunifurahisha.

Saa mbili na dakika arobaini na tano tulifika kwenye kizuizi cha kijiji. Hapo anakaa Papa Ruffin, muzee mwenye daftari na kopo la maziwa tupu. Ndiye yule kwenye benchi pale mlangoni, na kopo ndilo lile analo kwenye magoti. Papa Evariste alibaki nyuma na dereva, wakiangalia tairi. Papa Ruffin alituambia: "Kila roho yenye inaingia inaacha jiwe yake hapa. Yenye inatoka inachukua. Njo tunajua kama mutoni haikubakia na muntu."

Maneno hayo niliyapenda. Nilijiuliza ni nani alianza, na kama kuna siku jiwe lilibaki. Sikuthubutu kuuliza.

Zamu yangu ilipofika niliokota mawe mawili. Moja la kahawia, langu, na moja jeupe, dogo kama yai la njiwa. Niliyatia kwenye kopo. Papa Ruffin hakuinua kichwa, macho yake yalikuwa karibu kabisa na karatasi. Akauliza jina. Nikasema: Viviane Mujinga. Akauliza la jiwe la pili.

"Ni ya mwenzangu," nikasema.

"Jina?"

"Gertrude Ngoie."

"Mwenzako eko wapi?"

"Niko naye."

Akaandika. Nilikuwa wa mwisho, akafunga daftari.

Swali: Kwa nini hukumwambia ni mtoto?
Jibu: Hakuuliza ni mtoto ao ni mukubwa. Alisema kila roho. Nikawaza, kama nitamwacha bila jiwe, nitakuwa nimesema yeye si roho. Na jina nililitaja lote kwa sababu lilikuwa linaandikwa. Kwa kuandika sikuweza kusema Kambo.

Kutoka hapo tulitembea kwa miguu saa moja. Njia inashuka, kisha mawe yanakaribiana kila upande mpaka mbingu inabaki kama utepe. Sauti ya maji unaisikia miguuni kabla ya masikio. Nilitia mkono kwenye ukuta na ulikuwa unatetemeka, sawa na kifua cha mtoto mwenye kulia. Nilimtoa Kambo mgongoni nikamgeuza mbele aone. Alifungua macho na mdomo pamoja.

Maji yenyewe siwezi kuyaeleza vizuri. Niliona upinde wa mvua chini yetu, na sikujua kwamba upinde unaweza kuwa chini. Nilimuuliza Papa Evariste nyuma ya maji kuna nini. Akasema kuna jiwe tu. Nikamuuliza amejuaje. Akasema: "Nilipitaka kule, Mama Kambo. Ni jiwe, na popo mingi." Nilifurahi kwamba aliweza kujibu.

Saa tano na nusu alitupandisha juu kwa njia ya kamba, mimi na Mama Hortense, ili nione maji yanakotoka. Juu kuna mto mpana, umetulia, na mama mmoja alikuwa analoweka mihogo. Sikuamini ni maji yaleyale. Nikauliza, na huu nao unatoka wapi? Papa Evariste aliutazama mto. Akasema: "Ile sasa, hata minye sijafika." Nikamwambia Kambo, ukikua tutaenda kutafuta.

Tulipokuwa pale juu upepo ulichukua kitambaa changu cha kichwa. Kilianguka kwenye korongo, kikazunguka kama ndege, kikaingia kwenye shimo la maji. Papa Evariste alitaka kushuka kukifuata. Nilimkataza.

Saa tisa mchana tulikuwa tena chini, na Kambo alianza kupiga chafya kwa sababu ya majimaji ya maporomoko. Papa Evariste aliita kwa simu kijana wa kijijini mwenye moto, ndiyo kusema pikipiki, akaniambia: "Mama Kambo, utangulie na mutoto, baridi itamukamata. Tutaonana Jumatatu ku mikate." Alinivisha koti mwenyewe.

Saa tisa na dakika hamsini nilifika kwenye kizuizi. Papa Ruffin hakuwapo, alikuwa mke wake, Mama Germaine, anachambua maharage. Nilichukua jiwe langu la kahawia. Mtoto alikuwa amelala chini ya koti, na mwenye moto alikuwa anapiga honi. Jiwe jeupe nililisahau; nimeambiwa jioni Papa Ruffin alilikuta kwenye kopo akaita polisi. Kosa ni langu, si la Papa Evariste wala la Papa Ruffin.

Jumapili tarehe 11 sikuuza. Nilikuwa kanisani tangu asubuhi hadi saa kumi, kisha nikalala na mtoto. Nimeambiwa leo kwamba polisi walipita kila barabara, hata yetu, kuuliza Viviane, na watu wakajibu hapa hakuna Viviane. Hawakudanganya.

Leo, saa tatu asubuhi, mikate ilikuwa kwenye mafuta. Redio ya jirani yangu Glodie ikasema: watu watatu wanapiga mbizi tangu jana Kalusonga, wanatafuta mwili wa mama muzee Gertrude Ngoie, kitambaa chake kimepatikana.

Nilisikia jina la mama mukwe wangu. Sikumfikiria mtoto hata kidogo, na hilo OPJ aandike, maana kama mimi mama yake sikumfikiria, Papa Evariste naye angemfikiriaje? Kwake yeye pia mtoto ni Kambo. Nilichukua simu ya Glodie nikapigia Kambove, anakoishi mama mukwe.

Akaitika. Nikasema, Mama, uko? Wamesema umekufa mu mayi.

"Minye? Nani amesema?"

"Redio."

"Mungeniambia mbele, singetwanga majani yote hii ya sombe." Kisha akauliza: "Na mufu mwenyewe, banasema alivaa nini?"

Nikamwambia, kitambaa. Akauliza cha rangi gani. Hapo nikasema, Mama, changu kilianguka kule, kile ulichonipa, cha wamama wazee, cha kijani chenye maua. Akasema polepole: "Mama Kambo. Gertrude ni wangapi?"

Ndipo nilipogeuka nikamtazama mtoto. Alikuwa amekaa kwenye beseni anakula mkate. Nilimwachia Glodie mikate yote kwenye mafuta, nikaja mbio.

Swali: Watu wa Evariste wanaweza kumtafuta mwanamke yeyote mwenye mtoto aje aseme hivi. Nani amekutuma?
Jibu: Hakuna. Mikono yangu bado ina unga.
Swali: Una karatasi inayoonyesha mtoto anaitwa Gertrude?
Jibu: Sina. Kwenye karatasi ya kupima uzito wameandika Bébé Mujinga, kwa jina langu. Kwenye état civil, ofisi ya kuandikisha watoto, bado hatujamwandikisha. Baba yake anarudi mwisho wa mwezi, tulipanga twende pamoja.
Swali: Basi utaonyesha namna gani?
Jibu: Kitambaa kiko hapa? Msinionyeshe kwanza. Kona moja iliungua na pasi, nikaishona kwa uzi mwekundu, kwa sababu wa kijani ulikuwa umekwisha. Nilishona vibaya. Uzi unaonekana upande wa nje.

OPJ amefungua mfuko wa plastiki na amekunjua kitambaa mezani. Uzi ni mwekundu. Nimeona OPJ ameweka kalamu chini kwa muda.

Kisha Papa Ruffin ameitwa kutoka benchi. Ameinama karibu sana na mtoto, kama alivyoinamia daftari. Amemuuliza: "Ni weye njo Gertrude?" Mtoto amemshika ndevu. Papa Ruffin amesema: "Siku mbili minye sikukula." Nimemwambia, Papa, unisamehe. Amesema: "Uliweka jiwe. Wengine hawawekake hata yao." Kisha amepaaza sauti kuelekea mlango wa kule nyuma: "Evariste, mama muzee wako iko na meno mbili tu." Kule ndani nimesikia mtu anacheka, halafu si kucheka tena.

OPJ amesema ataliondoa jina la Gertrude kwenye daftari la kizuizi lililo mezani, kwa kuwa ni kosa, watoto wa mgongoni hawahesabiwi. Ametia kalamu tayari. Nimeomba neno. Nimesema: Chef, nakuomba usilikate. Mahali pengine popote jina lake bado halijaandikwa. Alifika kule, aliona maji, mimi ni shahidi. Kwenye daftari tuliingia roho nane na tulitoka nane. Andikeni tu kwamba amerudi.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo. Nimesomewa yote, na pale penye kosa langu nimeomba pabaki.

(Sahihi) Viviane M., Mama Kambo

MAANDIKO YA OPJ
Mimi, Magloire Mwepu, nimepokea maneno haya na kuyasoma mbele ya shahidi. Saa tano na dakika tano nimepiga simu Kalusonga ili wapiga mbizi watoke majini. Saa tano na dakika ishirini Evariste Kalumba ametoka kwenye chumba cha kufungia. Safari ya Buluo imefutwa. Ameomba maji ya kunywa, kisha ameomba kumbeba mtoto.
Kitambaa kimerudishwa kwa mwenyewe. Jiwe jeupe, lililoletwa na Papa Ruffin kama kielelezo, liko mkononi mwa mtoto. Nimejaribu mara mbili kulichukua ili nilitie namba. Halijapatikana.
Katika daftari ya kizuizi, mbele ya mustari wa nane, sikukata kitu. Nimeandika: Gertrude Ngoie, miezi tisa, ametoka salama tarehe 10 Mei 2025, mgongoni mwa mama yake.