Maneno ya Jiwe la Lusungu

Ipinda, Kyela
9 Aprili 2025

Kwako dada yangu Tulinagwe,

Ugonile, dada. Habari za Dodoma na kazi? Natumaini mgongo umeacha kukusumbua. Huku tupo. Mama anatembea vizuri sasa. Juzi ameshinda shambani akifukuza ndege kwenye mpunga mpaka sauti imemkauka. Mvua haitaki kupumzika, hata kakao tumeshindwa kuianika. Anakusalimu sana, na kama kawaida yake anauliza kama unakula.

Utashangaa kuona barua wakati simu ninayo mfukoni. Kwenye simu ungelia, na mimi nikikusikia unalia ningedanganya tena. Kwa hiyo naandika, na kesho nitaipeleka Kyela mwenyewe kwenye basi.

Fundi Anyosisye alikuja Jumamosi na lile jiwe la marumaru, amelifunga kwa khanga ya mkewe nyuma ya bodaboda. Akasema umemwagiza achonge maneno niliyosoma mazikoni kwenye wasifu wa mwanao Lusungu, hasa yale ya mwisho: kwamba alimwita mama yake mara mbili, kisha akanyamaza. Nikamwambia karatasi imepotea. Uongo huo. Karatasi iko hapa mezani, naiona ninavyoandika.

Unaijua kazi yangu, maana wewe ndiye uliyekuwa unanitania kuwa nimetoka seminari bila upadre, nimerudi na Kilatini, na hapa Ipinda hakuna wa kunijibu. Mashairi ya Kirumi ninayoyatafsiri si ya vita wala ya wafalme. Ni ya shughuli. Mtu kaoa, kajenga, kapata mtoto, kafiwa, basi anaitwa mshairi atunge. Ni kama sisi na risala zetu. Hakuna sherehe wala msiba ambao mtu hasimami na karatasi. Mhariri wangu wa Dar es Salaam alinishauri kwamba wasomaji wa leo hawaijui ile miungu wala ile mito, kwa hiyo nitoe majina yote, abaki mtu tu. Nikaona ushauri mzuri.

Miongoni mwa hayo kuna shairi la mtoto wa kiume wa miaka minane, mtoto wa mtumwa aliyeachiwa huru, aliyekuwa analelewa nyumbani kwa tajiri mmoja. Alikufa kwa homa. Nilitoa jina lake, nikatoa jina la mto, nikatoa miungu yote. Kilichobaki ni mtoto mwenye homa, kwenye nyumba isiyo ya mama yake, anayeita mama mara mbili. Sehemu ya jina nikaiacha wazi, nikisema nitaijaza baadaye.

Mwezi wa kumi na moja Lusungu wetu akashikwa na malaria.

Siku ya maziko ulifika umechoka na safari, hata viatu hukuvua. Wazee wakaniambia, wewe mwalimu, andika wasifu wa marehemu. Nikakaa na kalamu. Jamani, wasifu wa mtoto wa miaka minane unauandikaje? Amezaliwa, amebatizwa, amefika darasa la pili. Haukufika hata nusu ukurasa. Na lile shairi lilikuwa palepale mezani, na nafasi yake wazi. Nikaandika Lusungu. Likamkaa kabisa, na hicho ndicho kinachonitisha mpaka leo. Nikasoma, uwanja mzima ukalia. Ulinishika mkono ukaniambia, afadhali aliniita.

Tangu siku ile sina amani. Kila nikitaka kuukumbuka uso wa Lusungu, anakuja mvulana nisiyemjua. Si usiku, dada, usifikiri naota. Mchana kweupe, nikiwa darasani, nikiwa naosha vyombo. Anasimama mlangoni kama mtoto aliyetumwa kuchukua kitu chake. Nikisoma tafsiri kwa sauti kupima mizani, nasikia kikohozi chumbani kwa Lusungu, na chumba kimefungwa, ufunguo anao Mama. Naogopa. Sauti yake Lusungu ndiyo siisikii tena, sauti ile ya kuniita mjomba kutoka barabarani. Nimemzika chini ya maneno ya mtoto mwingine, na huyo mwingine nimemwacha bila jina.

Sasa nakuambia lile lililonifanya niandike. Lusungu alipokata roho pale hospitali, sikuwepo wodini. Nilikuambia nilikuwa nimemshika mkono. Haikuwa hivyo. Nilikuwa kwenye benchi la nje, na karatasi zangu. Neno moja la shairi lingine, la harusi, lilikuwa linanikataa tangu asubuhi, na kwa kuwa mtoto alikuwa amelala, nikasema natoka dakika tano. Sijui zilikuwa ngapi.

Na hata kumuuliza nesi sikumuuliza, kwa sababu maneno ya mwisho tayari nilikuwa nayo. Wiki iliyopita ndiyo nimekwenda kumtafuta. Anaitwa Dorothea, mama mmoja mpole kutoka Bukoba, na anamkumbuka Lusungu vizuri. Amenieleza kwamba mtoto aliamka, akaona bakuli la mbalaga, zile ndizi alizopikiwa na Mama, akauliza kama mjomba amekula. Nesi akamwambia hajui. Akamwomba anipelekee lile bakuli. Kisha akageukia ukutani, na nesi aliporudi alikuwa ameshaondoka. Hakuita mama, dada. Nisamehe. Faraja ile nilikupa mimi, na mimi ndiye ninayekunyang'anya.

Shairi la Kirumi nimelirudishia jina la mwenyewe, na mto wake, na miungu yake, mhariri akasirike. Tangu jana mlango uko mtupu. Kwenye jiwe usichonge nilichosoma. Chonga jina lake na tarehe, au chochote kitakachotoka moyoni mwako, mimi sina haki ya kuchagua.

Wasalimu wote hapo nyumbani. Ukiamua kutozungumza nami mwezi wa sita utakapokuja likizo, nitaelewa, ila Mama usimnyime kukuona. Ndaga fijo kwa malezi yako yote kwangu.

Jambo moja sikulimalizia. Lile bakuli nilipelekewa kweli. Nesi anasema alinieleza kabisa kwamba mtoto ndiye aliyenitumia, nami nikaitikia bila kuinua macho. Naukumbuka mkono wake ukiliweka kwenye benchi. Nilikula mbalaga yote, dada, huku natafuta neno, na sikuuliza imetoka kwa nani.

Mdogo wako,
Hezroni